Kompyuta Inayozimika Ovyo: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Leo tunalishughulikia swali lililotoka Mwiki, na namaanisha Mwiki ya upande wa Ruiru, Kaunti ya Kiambu, si jirani yake wa Kasarani. Mzazi mmoja wa huko anasema alinunua kompyuta ya mezani iliyotumika ng'ambo ili bintiye, aliye mwaka wa mwisho chuoni, aandikie utafiti wake nyumbani badala ya kukesha saiba. Kwa miezi michache mambo yalikwenda shwari. Kisha fundi mmoja akaiongezea kumbukumbu ili iende kasi. Muda si mrefu ikaanza vituko: mara inazimika ghafla, mara inaganda, mara skrini inageuka buluu na kuandika maneno yasiyoeleweka.

Fundi wa kwanza akaweka Windows mpya na kulipwa. Siku ya tatu kompyuta ikazimika tena. Fundi wa pili akaitazama kwa dakika tano, akatangaza kwamba ubao mkuu umekufa na kutaja bei inayokaribia ile ya kununulia kompyuta nzima. Pesa zilizopo nyumbani ni za karo ya muhula ujao. Binti naye anatakiwa kuwasilisha kazi yake mwisho wa mwezi. Mzazi anauliza: atoe pesa hizo au asitoe?

Mama, zifunge pesa hizo kwanza. Huenda fundi wa pili anasema kweli, na hapa chini nitakuonyesha jinsi ya kumpima. Lakini kuna mambo mengi yanayoizimisha kompyuta, na mengi kati ya hayo dawa yake ni ya shilingi chache au ni ya bure kabisa. Mgonjwa hapewi dawa ya malaria kabla ya kupimwa damu. Kompyuta nayo ni vivyo hivyo.

OKOA KAZI KWANZA

Kabla hujagusa bisibisi, okoa kazi ya mtoto. Kompyuta ikizimika katikati ya kuandika kwenye diski, faili iliyokuwa wazi yaweza kuharibika, na diski yenyewe ikiwa ndiyo mgonjwa, kila kuiwasha ni kuipunguzia maisha. Iwashe mara moja, nakili utafiti wote kwenye flashi, kisha binti autume pia kwenye barua pepe yake mwenyewe au auhifadhi kwenye Google Drive. Ziwe nakala mbili mahali pawili tofauti. Flashi moja mfukoni si akiba, kwa kuwa hupotea kwenye matatu kama ufunguo.

Kompyuta ikikataa kuwaka kabisa, usikate tamaa. Diski yaweza kutolewa na kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine kwa waya maalumu wa USB ambao mafundi wengi wanao. Muhimu ni kwamba asiwepo mtu wa kuweka Windows mpya kabla faili hazijatolewa. Wanafunzi wengi wamepoteza kazi ya mwaka mzima kwa namna hiyo, si kwa sababu kompyuta ilikufa bali kwa sababu ilitibiwa kwa pupa.

NINI KILIBADILIKA?

Swali la kwanza la daktari mzuri ni hili: ulianza kuugua lini? Jiulize vivyo hivyo. Je, tatizo lilianza baada ya kuongeza kumbukumbu? Baada ya kuchomeka printa mpya? Baada ya stima kupotea na kurudi kwa kishindo? Baada ya kuhamisha meza karibu na dirisha la barabarani?

Kisha chukua daftari. Kila inapozimika, andika saa, ilikuwa inafanya nini, na ilizimika kwa namna gani. Skrini ikigeuka buluu, ipige picha kwa simu. (Katika matoleo mapya ya Windows 11 skrini hiyo ni nyeusi.) Maneno yale ya herufi kubwa chini yake si matusi. Ni jina la ugonjwa. MEMORY_MANAGEMENT huelekeza macho kwenye kumbukumbu. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni malalamiko kutoka kwa vifaa vyenyewe, kama vile prosesa, kumbukumbu au umeme unaowafikia.

Baada ya siku tatu au nne, daftari litaanza kusema. Ikizimika ghafla kama mshumaa uliopulizwa, bila ujumbe wowote, shuku umeme au joto. Ikiganda huku taa ya diski ikiwaka bila kupepesa, shuku diski au waya wake. Ikileta jina lile lile kila mara, aghalabu chanzo ni kimoja na kinapatikana. Ikileta jina jipya kila siku, leo hili kesho lile, shuku kumbukumbu au sanduku la umeme, maana vitu hivyo viwili vikiyumba, kila kitu kingine huyumba navyo.

Kanuni kuu ya kazi hii ni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja na kompyuta ikapona, hutajua kilichoiponya, na umelipia viwili bure.

STIMA YA MTAANI

Tuanze na umeme, kwa kuwa ndio wa bei nafuu kuupima. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Hicho ni kipimo cha kwenye karatasi. Katika nyumba za kupanga za Mwiki, Githurai na Kahawa Wendani, ambapo jengo moja lina familia nyingi, hali huwa tofauti. Shawa moja ya umeme hula kilowati tano hivi. Majirani kumi wakioga pamoja alfajiri kabla ya kwenda kazini, volti hushuka na taa hufifia. Jokofu litanguruma na kuvumilia. Kompyuta ya mezani, ambayo haina betri ya kuibeba, itazimika.

Kwa hiyo tazama daftari lako. Kama kompyuta huzimika saa kumi na moja alfajiri na saa moja jioni, lakini saa nane mchana hufanya kazi bila tatizo, usiilaumu Windows. Ipeleke kwa ndugu au rafiki anayeishi mtaa mwingine, iwashwe huko siku mbili. Ikitulia, ugonjwa uko kwenye ukuta wa nyumba yako.

Chunguza pia kebo ya kugawia umeme. Ile ya bei ya chini, yenye soketi sita na waya mwembamba, ikibebeshwa pasi, televisheni na kompyuta, hupata moto na plagi hulegea. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani kwa siku mbili uone tofauti.

Wengi hudhani kile kifaa cha kulinda jokofu kitaisaidia kompyuta. Sivyo. Kazi yake ni kukata stima ikishuka au ikipanda mno, kisha kungoja kabla ya kuirudisha. Hakiongezi volti hata moja, na kwa kompyuta kukatiwa ni kuzimika tu. Kinachofaa ni UPS, yaani sanduku lenye betri, ambalo hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu.

Sote twakumbuka jinsi stima inavyoweza kutuchezea. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani. Agosti 25, 2023, giza likatanda tena karibu nchi nzima. Katika siku kama hizo hatari kubwa ni pale stima inaporudi, kwa sababu huenda ikarudi kwa kishindo. Giza likiingia, chomoa kompyuta ukutani. Stima ikirudi, ngoja dakika kumi itulie ndipo uchomeke.

Jambo jingine kwa wanaonunua mashine zilizotumika Marekani: geuza kompyuta utazame mgongoni, karibu na pale waya wa umeme unapoingia. Baadhi zina kitufe kidogo chekundu chenye tarakimu 115 na 230. Marekani hutumia volti 120. Hapa kwetu kitufe lazima kiwe kwenye 230. Kikiwa kwenye 115 na ukachomeka stima yetu, utasikia mlio na kunusa moshi, na hapo hakuna cha kupima tena. Mashine ambazo hazina kitufe hicho, zilizoandikwa 100-240, hujirekebisha zenyewe.

Onyo: sanduku la umeme lililo ndani ya kompyuta usilifungue kamwe. Hata baada ya kuchomolewa, hubakia na umeme wa kukudhuru. Likishukiwa, hubadilishwa zima.

VUMBI NA JOTO

Anayeishi kando ya barabara ya murram anajua kwamba Januari na Februari vumbi haliombi ruhusa kuingia. Feni ya kompyuta hulivuta kutwa kucha, nalo hujikusanya kwenye mabati ya kupozea prosesa kama blanketi. Prosesa ikikaribia digrii 100, hupunguza mwendo ili kujiokoa. Ikishindwa, hujizima.

Dalili ni hizi: huwaka vizuri asubuhi, kisha huzimika baada ya nusu saa, na ukiiwasha papo hapo huzimika upesi zaidi. Feni hupiga kelele kama posho mili. Ukisafisha, chomoa waya wa umeme, itoe nje ya nyumba, fungua ubavu wake, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini ya rangi na kipulizio. Zuia feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Kabla ya kugusa chochote ndani, shika chuma cha kasha kwanza ili umeme mdogo ulio mwilini mwako uishie hapo.

Kama mashine ina miaka mingi, mwambie fundi apake upya ile grisi iliyo kati ya prosesa na bati lake. Hukauka kama ugali wa jana na kuacha kupitisha joto. Hiyo ni kazi ya robo saa na tyubu moja ndogo.

KUMBUKUMBU ISIYOELEWANA

Sasa tufike kwa mshukiwa mkuu katika kadhia ya Mwiki. Kompyuta ilikuwa nzima, ikaongezwa RAM, ikaanza kuugua. Haimaanishi lazima RAM ndiyo mkosaji, lakini ndiyo ya kwanza kuhojiwa.

RAM si mahindi, kwamba gunia lolote litaingia kinu chochote. DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Hata pengo lililokatwa chini yake liko sehemu tofauti ili usikosee. Ukiona fundi anaisukuma kwa nguvu, mshike mkono. Zipo pia DDR3 za namna mbili: ya volti 1.5, na DDR3L inayoweza kutumia volti 1.35. Laptopu nyingi zinataka hii ya pili. Ukiipa ile ya kwanza, huenda isiwake au iyumbeyumbe. Na kuna RAM zilizotolewa kwenye kompyuta kubwa za ofisi, zile seva, ambazo kwa macho zafanana na nyingine na bei yake huvutia, lakini kompyuta ya kawaida haizikubali.

Hata zikiwa za aina moja, kipande kipya na cha zamani vyaweza kukosa kuelewana kwa mwendo. Na kipande kinaweza kuwa kibovu tangu dukani, maana kimeshapitia mikono mingi.

Kupima ni rahisi. Zima, chomoa, toa kile kipande kilichoongezwa, kisha utumie kompyuta kwa siku tatu na kile cha zamani pekee. Itakwenda pole pole, lakini je, inazimika? Ikitulia, rudisha kipya pekee, ukitoe cha zamani. Ikianza vituko, umemkamata mwizi akiwa na kuku mkononi. Ikitulia na kila kimoja peke yake ila inaugua na vyote viwili, basi ni ndoa isiyowezekana. Jaribu pia nafasi nyingine ya kuchomekea, maana wakati mwingine ubovu uko kwenye nafasi, si kwenye kipande. Na usisahau raba ya penseli: sugua taratibu zile alama za rangi ya dhahabu, futa vumbi la raba, rudisha mpaka usikie vishikizo vikilia pande zote. Wapo waliopona kwa raba tu.

Ukitaka ushahidi zaidi, Windows yenyewe ina kipimo. Andika mdsched mahali pa kutafutia, kubali iwake upya, uiache ifanye kazi. Kilicho kikali zaidi ni Memtest86+, ambayo ni ya bure na huwekwa kwenye flashi. Iache usiku kucha. Matokeo ya RAM hayana wastani kama mtihani wa shule: kosa moja tu limeifelisha.

DISKI, WAYA NA WAGENI WENGINE

Diski ya zamani ikianza kulia tik, tik, tik, hiyo ni saa ya mwisho. Nakili na ubadilishe. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo husoma ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe. Lakini kabla ya kuizika, badilisha waya unaoiunganisha na ubao mkuu. Ni waya wa bei ndogo, na ukilegea huleta dalili zile zile za diski inayokufa.

Kisha chomoa kila mgeni: printa, kamera, kifaa cha Wi-Fi, flashi. Washa kompyuta na kibodi, kipanya na skrini pekee. Ikitulia, rudisha mmoja mmoja. Usione haya ikiwa kifaa kidogo kimekuangushia mashine kubwa. Mnamo Aprili 20, 1998, katika maonyesho ya COMDEX mjini Chicago, Bill Gates alikuwa jukwaani Windows 98 ikionyeshwa kwa umma. Msaidizi wake akachomeka skana na papo hapo skrini ikageuka buluu mbele ya umati. Kama yalimpata tajiri yule, sisi wa Mwiki ni nani?

Na kama saa na tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila unapowasha, hadi tovuti za benki na za chuo zinakataa kufunguka, tatizo ni betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu, CR2032. Ni betri ya volti tatu, inauzwa hata kwa mafundi wa saa.

JE, UBAO MKUU UMEKUFA KWELI?

Hufa, naam. Kuna kisa mashuhuri duniani. Kati ya 2003 na 2005 kampuni ya Dell iliuza kompyuta za Optiplex zipatazo milioni 11.8 zilizokuwa katika hatari ya kuharibika kwa sababu ya kapasita mbovu, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye ubao. Vilikuwa vikivimba na kupasuka. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kurekebisha hasara hiyo. Na usidhani kipya ndicho salama: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi na kuharibika, ikaongeza dhamana yake kwa miaka miwili.

Kwa hiyo anayekwambia ubao umekufa, mwambie kwa upole akuonyeshe. Kapasita nzima ina kichwa bapa kama mfuniko wa soda. Mbovu ina kichwa kilichovimba au kilichotoa uchafu wa kahawia. Muulize pia: umejaribu sanduku jingine la umeme? Umejaribu RAM nyingine? Fundi mwenye ujuzi atafurahi kuulizwa, kwa kuwa hayo ndiyo aliyoyafanya kabla ya kufungua mdomo. Anayekasirika amekwisha kujibu swali lako.

Mafundi wetu wa mtaani si wezi. Wengi wanatulisha na kutuokoa, na wengine wamejifunza kwa mikono yao yale ambayo wengine walisomea Kenyatta au JKUAT. Lakini mpe kazi kwa utaratibu. Mpe nakala ya daftari lako, maana litamwokolea saa nzima. Kubalianeni bei ya kupima mbali na bei ya kutengeneza. Kabla hujaiacha, ipige picha ndani, hasa RAM na diski, ili irudi na viungo vyake. Na kila anachobadilisha, aseme arudishe cha zamani mkononi mwako. Vikikosa kazi kabisa, usivitupe jalalani. Nairobi kuna WEEE Centre, inayopokea taka za vifaa vya umeme.

Sasa nirudi kwa mzazi wetu. Mama, fuata mpangilio huu: leo, utafiti unakiliwe mahali pawili. Kesho, toa ile RAM mpya. Kesho kutwa na siku mbili zinazofuata, binti aandike akitumia ile ya zamani huku daftari likiwa kando yake. Ikitulia, rudi kwa yule fundi aliyeiongeza akupe inayofaa au akurudishie pesa. Ikiendelea kuzimika, ihamishie nyumba nyingine, kisha isafishwe, kisha ijaribiwe na sanduku jingine la umeme la kuazima. Ikishindikana hapo ndipo tuzungumze habari za ubao mkuu, na hata hapo ulinganishe bei yake na ya mashine nyingine iliyotumika pale Luthuli Avenue, maana kompyuta ya zamani haifai kutengenezwa kwa bei ya ng'ombe wakati yenyewe ni mbuzi.

Karo iende shuleni kama ilivyokusudiwa. Na binti asingoje kompyuta ipone ndipo aandike. Maktaba ya chuo iko wazi, na nakala yake sasa anatembea nayo.

Jumapili ijayo tutatazama flashi za bandia, zile zinazojigamba kubeba terabaiti moja na kumbe zinameza faili za watu. Hadi wakati huo, kila la heri.